Kiganja Juu ya Bomba la Plastiki

Nilipokabidhi funguo za karakana ya hospitali, ninyi mliobaki mliniomba jambo moja tu: niwaandikie namna ya kulehemu bomba la shaba linalopita jirani na bomba la plastiki, bila kuliharibu la plastiki. Mkasema kurasa mbili zitatosha. Nimejaribu, zimenishinda. Kila nikifika mahali pa kueleza tambara lililolowa linawekwa wapi, namwona mtu aliyekuwa akinishikia tambara hilo, na siwezi kuandika tambara nikaacha mkono. Mtanivumilia. Anayetaka ufundi peke yake anaweza kuruka kila anapoliona jina la Zakaria, lakini atabaki na karatasi nyeupe nyingi.

Mimi ni mtoto wa Busale, kijiji cha hapa hapa Kyela. Nilikuja hospitalini nikiwa na kucha zenye tope la majaruba ya mpunga, na nilichojua kuhusu maji ni kwamba hushuka bondeni. Fundi bomba wa wakati ule alikuwa Mzee Mwakyoma, mtu mfupi, mpole, aliyeongea kana kwamba kila neno linatolewa stoo kwa sahihi. Siku ya kwanza sikugusa bomba. Alinipa rundo la matambara na kipande cha sabuni ya mche, akanionyesha karo. Nilifua mpaka mchana, nikiamini ananidharau. Jioni alinieleza kwamba tambara lenye mafuta likikaribia moto ni utambi, na lililo safi likishiba maji ni ukuta. Fundi anayewasha moto ndani ya nyumba ya watu, alisema, ajulikane kwanza kwa usafi wa matambara yake. Mpaka leo nikiingia karakana yoyote huangalia kwanza matambara, ndipo niamue kama nitakunywa chai yao.

Hospitali yetu ilijengwa na watu waliopenda shaba. Maji ya moto yalitoka kwenye boila yakapita juu ya dari, ndani ya mabomba ya shaba, hadi wodini na chumba cha upasuaji. Mzee Mwakyoma alinifundisha kuyaunga. Unakata bomba liwe sawa, unasugua ncha yake kwa msasa mpaka ing'ae, unasugua na ndani ya kiungio, unapaka dawa ya kulehemia kidogo, unaunganisha. Kisha unakipasha moto kiungio, si waya wa lehemu. Waya wenyewe wengi wetu tunauita risasi, ingawa wa mabomba ya maji ya watu haupaswi kuwa na risasi ndani yake. Huo unaugusisha upande ambao moto haupo. Joto likitosha, unayeyuka wenyewe na kunywewa ndani ya kiungio pande zote. Ukilazimika kuusukuma, bado. Ukiuona unadondoka chini matone matone, umepitiliza.

Na bomba likiwa na maji ndani, hata kidogo, hutalipata joto hilo. Utachoma gesi mpaka mtungi ulie. Mzee alikuwa na dawa yake: kipande cha mkate mweupe. Kinasukumwa ndani ya bomba, kinazuia matone wakati unalehemu, na maji yakifunguliwa kinalainika na kutoka kwa koki. Alisisitiza iwe ile nyama ya ndani tu, bila ganda. Ganda tulikula sisi. Kuna muuguzi aliwahi kukuta chembe za mkate kwenye karo la wodi, akawagombeza wagonjwa kwa kula wakati wa kunawa. Hatukumrekebisha.

Zakaria alikuja Mzee Mwakyoma alipostaafu. Alitokea upande wa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Mkisi kwa kabila, mtoto wa wavuvi ambaye ziwa lilimkataa. Alisema mwenyewe kwamba akikaa tu ndani ya mtumbwi tumbo linageuka, ndiyo maana alitafuta maji yaliyofungwa ndani ya bomba. Alikuwa mrefu, mwenye viganja vipana na mwendo wa mtu asiyefukuzwa. Mke wake, Mama Atupele, alifinyanga vyungu kama mama yake na bibi yake walivyofinyanga kule Ikombe. Kila Jumatatu Zakaria alikuja na usipa wa kukaanga, dagaa wa ziwani, ndani ya kopo, nami nilileta mbalaga aliyopika mke wangu, ndizi zilizoiva hadi kuwa kama uji, na tulikula pamoja juu ya benchi la karakana, baada ya kulifuta.

Miaka hiyo ndiyo plastiki ilipoingia. Hospitali ilikuwa inapanuka, maji baridi yalihitajika kila upande, na plastiki ni nyepesi, haishiki kutu, haiibwi. Sina ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba waliokuja kuifunga walifuata njia ile ile ya shaba, kwa kuwa kuta zilikuwa na matundu tayari. Kwa hiyo juu ya dari zetu shaba na plastiki zilikuja kulala ubavu kwa ubavu, mahali pengine upana wa kiganja tu kati yake. Plastiki hulainika mapema mno, kabla waya wa lehemu haujafikiria hata kuyeyuka. Haihitaji kuungua. Ikilainika kidogo huku maji yanaisukuma kutoka ndani, inavimba kama shavu la mwenye jino bovu, halafu inapasuka.

Mliyoyaomba basi ni haya. Kama kuna namna ya kulehemu kiungio chini, kwenye benchi, fanya hivyo. Kikipoa ndipo ukipandishe ukifunge kwa spana. Mahali shaba inapoungana na plastiki, usilehemu kamwe adapta, kile kiungio cha kuziunganisha, ikiwa tayari imeshikana na plastiki, kwa sababu joto hutembea ndani ya shaba kama habari ya msiba, huwezi kulizuia lisifike. Ikilazimu kulehemu juu, fungua koki iliyo mbele ili mvuke upate pa kutokea. Funga matambara yaliyolowa kwenye shaba, kati ya kiungio na plastiki, lakini si juu ya kiungio chenyewe. Weka kipande cha bati kati ya moto na plastiki, na tambara jingine juu ya plastiki. Tumia moto mkubwa kwa muda mfupi. Mwoga huwasha moto mdogo akakaa nao muda mrefu, na huyo ndiye anayechoma nyumba, kwa kuwa joto linapata nafasi ya kusafiri. Uwe na ndoo ya maji. Na ukimaliza usishuke. Kaa hapo hapo mpaka uridhike kwamba hakuna boriti inayofuka moshi.

Zakaria aliongeza lake. Bati na matambara yakishawekwa, alipitisha mkono nyuma ya bati na kulaza kiganja juu ya bomba la plastiki. Alisema jicho huchelewa: plastiki haibadiliki rangi mpaka imeshaharibika, lakini ngozi inajua mapema. Mimi nikiwasha moto yeye alikuwa akisema, kwa sauti ile ile kila mara, "Bado. Bado." Plastiki ikianza kupata uvuguvugu alisema, "Inakuja," nami niliondoa moto, tukamwagia maji, tukaanza tena. Nilimwamini kuliko nilivyoyaamini macho yangu. Miaka mingi nilifanya kazi nikimsikiliza tu.

Na ule muda wa kukaa juu kusubiri boriti zipoe ndio tulioutumia kuzungumza. Chini tulikuwa watu wa kusalimiana na kufanya mzaha wa kawaida. Juu, katika joto la mabati na harufu ya popo, kila mmoja akiuona mwanga wa tochi ya mwenzake tu, tulisema mambo. Alinieleza jinsi alivyoaibika mbele ya baba yake kwa sababu ya ziwa. Mimi nilimweleza juu ya mtoto wetu wa kwanza, ambaye hakuishi, na ambaye nyumbani tulikuwa tumeacha kumtaja. Hakunipa ushauri. Alisema tu, "Pole, ndugu yangu," kisha akauliza mtoto aliitwa nani. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza jina hilo.

Sasa nifike kwenye ile siku. Ilikuwa masika, mvua ya Kyela ambayo ikianza asubuhi milima ya Livingstone hupotea kabisa, usijue kama iliwahi kuwepo. Muuguzi wa zamu alikuja karakana amelowa, akasema dari ya wodi ya wazazi imevimba na inatoa maji ya moto. Tulipofika akina mama walikuwa wameshahamishiwa barazani pamoja na watoto wao wachanga, wamejibana ukutani, na mvua ilikuwa ikiwarushia manyunyu hata hapo. Tulipanda. Elbo ya shaba, kiungio cha kona, ilikuwa imepata ufa. Geti valvu la upande ule, koki kubwa ya kufungia maji, lilikuwa limechoka: ukilifunga, maji yanapungua lakini hayakati. Na jirani kabisa na elbo, lilipita bomba la plastiki linalopeleka maji baridi chumba cha upasuaji. Humo ndani walikuwa wamemlaza mama mmoja wakimfanyia upasuaji, na muuguzi aliyetumwa kuuliza alirudi akasema maji yasikatwe kwa hali yoyote.

Tungeweza kutega ndoo na kungoja. Lakini dari ilikuwa imeshiba maji, na barazani kulikuwa na watoto wa siku hiyo hiyo. Nilimtazama Zakaria, naye alikuwa tayari anakamua tambara. Tukang'oa elbo mbovu, tukasafisha, tukasukuma mkate ndani ya bomba, tukaweka elbo mpya. Bati likakaa, matambara yakakaa, Zakaria akapitisha mkono nyuma.

"Bado," akasema.

Shaba siku hiyo ilikuwa nzito kupata joto, kwa sababu nyuma ya mkate kulikuwa na maji yanayoinyonya. Nilibaki na moto pale muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kila nilipotaka kuuondoa nilimsikia akisema bado, kwa sauti ile ile, nami nikaendelea. Waya ukaanza kunywewa upande mmoja. Ndipo niliposikia harufu. Plastiki ina harufu yake, tamu kidogo, hailingani na kitu kingine. Nilitupa jicho nyuma ya bati, nikaona tambara halitoi tena mvuke. Lilikuwa limekauka. Bomba chini yake lilikuwa limeanza kujipinda, na kiganja cha Zakaria kilikuwa bado juu yake, kimetulia.

Niliondoa moto, nikachukua ndoo nikaimwaga yote. Bomba likabaki na nundu, lakini halikupasuka.

"Mbona umetoa moto?" Zakaria akauliza. "Bado baridi."

Nikamwambia anionyeshe mkono. Alikuwa hajui kwa nini nauliza. Aliutoa na kuunyoosha mbele ya tochi kama mtu anayeonyesha kwamba hakuiba kitu. Ngozi ya kiganja ilikuwa nyeupe, imeinuka, imejikunja pembeni. Aliutazama muda mrefu. Aliugeuza, akautazama upande wa pili, akaurudisha.

"Sikusikia kitu," akasema. Kisha, polepole zaidi, "Gwamaka, sisikii kitu hata sasa."

Kiungio kilikuwa kimebakiza upande mmoja. Alikataa kushuka kabla hakijaisha. Alichovya matambara mapya kwa mkono mzima, akayafunga, nami nikamalizia kwa moto mfupi huku natazama plastiki kwa macho yangu mwenyewe. Chumba cha upasuaji hakikukosa maji hata kidogo. Mama yule na mtoto wake walitoka salama, na waliokuwa humo hawakujua kwamba kuna lolote lilitokea juu ya vichwa vyao, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Hatukukaa kusubiri boriti zipoe; niliomba mlinzi apande akae. Ilikuwa mara ya kwanza.

Wakati wanamfunga Zakaria bandeji, Mama Atupele alifika. Alikuwa amekuja Kyela kwa shughuli zake, habari ikamfuata sokoni. Alinisalimia, akasimama kando yangu dirishani. Mikono yake ilikuwa na udongo mkavu kwenye mikunjo ya vidole.

"Shemeji," akasema, "mimi nilijua."

Akanieleza. Siku walipochoma vyungu, Zakaria alimsaidia kuviopoa kwenye majivu. Alichukua kimoja ambacho yeye mwenyewe, aliyezaliwa katika kazi hiyo, asingekigusa bila majani ya mgomba, akakibeba hadi kivulini na kukiweka chini taratibu kama mtu anayeweka yai. Alipomwangalia vidole vilikuwa vimetoka malengelenge. Na miguu pia: alikuwa anapoteza kandambili njiani bila kujua. Alimsihi aende kwa daktari wa hospitali ile ile anayofanyia kazi. Akakataa.

"Alisema nisikwambie," Mama Atupele akasema. "Alisema ukijua, hutapanda naye tena."

Ilikuwa kweli.

Daktari alikuta ni kisukari, cha muda mrefu, kilichokwisha kula hisia za vidole vya mikono na miguu. Alieleza vizuri, alimpa dawa na masharti ya chakula, na akasema wazi kwamba kazi ya moto na ngazi basi. Ofisi ilimpa Zakaria nafasi ya kukaa stoo, agawe vifaa. Nilifurahi, nikamwambia tutakuwa tunakula mchana pamoja kama zamani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hawezi kukaa kwenye kiti kila asubuhi akinipa spana, halafu anitazame nikipanda ngazi peke yangu. Alirudi Matema. Nilimsindikiza hadi kwenye gari. Alinishika mkono kwa ule wa kushoto, akasema, "Ndaga fijo," asante sana, kama anavyomwambia mtu aliyemuuzia kitu kizuri, akaingia.

Nafasi yake haikujazwa, kwa sababu ambazo ofisi inazieleza vizuri kuliko mimi. Nikajifunza kufanya kazi ya watu wawili. Nilianza kulehemu chini kila kilichowezekana. Bati nikalitoboa na kulifunga kwa waya ili lijishike. Na kwa ajili ya tambara la plastiki nilitafuta kopo la maziwa, nikalitoboa tundu moja dogo kwa msumari, nikalining'iniza kwenye boriti lijae maji. Likawa linadondosha juu ya tambara wakati wote wa kazi, tambara lisikauke. Mmelikuta kopo hilo karakana, na kuna mmoja wenu alitaka kulitupa. Msilitupe. Tangu niliponing'iniza kopo sikuwahi tena kupata hata nundu. Kazi yangu ilikuwa safi kuliko zamani, na kila aliyeikagua alisema hivyo.

Lakini kopo halisemi. Nilipomaliza nilikaa kusubiri boriti zipoe, kama inavyotakiwa, na sikuwa na cha kufanya ila kusikiliza popo. Maji yalipohitaji kufunguliwa hapakuwa na mtu wa kumwita kwenye geti valvu. Nilishuka ngazi, nikafungua mwenyewe, nikapanda tena kuangalia kama kiungio kinavuja, nikashuka. Kuna siku muuguzi mmoja aliniuliza nilikuwa naongea na nani kule juu. Sikujua kwamba naongea. Akasema alinisikia nikisema bado, bado.

Kwenda Matema kulikuwa kugumu. Mara ya kwanza nilipokwenda, Zakaria alinikaribisha, tukanywa chai, akaniuliza habari za kila mtu na hakuniuliza habari za kazi. Mara ya pili alikuwa amelala, au alisemekana amelala. Baadaye Mama Atupele alinipigia simu, kwa upole, akasema mwenzangu anaomba nisije kwanza. Kila nikiondoka anakaa siku kadhaa hasemi. Nikaelewa, au nilisema nimeelewa. Mwaka mmoja hospitali iliniruhusu kwenda kusaidia nyumba ya wageni moja ya Matema, wana mtambo wa jua wa kuchemsha maji juu ya paa, shaba inatoka kwenye mtambo na kuingia kwenye plastiki. Kazi niliyoijua. Nikiwa juu ya paa hilo, ziwa lote limenyooka mbele, niliona bati la nyumba ya Zakaria upande wa njia ya Ikombe, na moshi wa jiko lao. Nililehemu, nikangoja ipoe, nikashuka, nikarudi Kyela. Mwenye nyumba alinisifu kwa uharaka.

Mke wangu alifariki katika miaka hiyo. Zakaria alikuja msibani nyumbani kwangu Ipyana, anatembea kwa fimbo, mguu mmoja umefungwa. Alikaa nami kwenye mkeka kutwa nzima, na hatukusema neno zaidi ya pole. Watoto wangu wako Mbeya na Tunduma, wana kazi zao na wana adabu. Hunipigia Jumapili baada ya ibada. Siwalaumu. Nyumba ya Ipyana ina vyumba vinne na kokoa inayokauka barazani, na nikizima redio nasikia jokofu.

Halafu nikastaafu. Mliniaga vizuri, kwa keki na hotuba, na mkanizawadia viti vya plastiki, vyote sita.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari la Matema bila kumpigia mtu simu. Nilifikiri sasa mimi si fundi tena, na yeye si fundi, labda hakuna kitakachomuumiza akiniona. Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba, miguu juu ya stuli. Mke wake alikuwa amepeleka vyungu sokoni. Nikamsalimia, "Ugonile," akaitika, akanionyesha pa kukaa. Alikuwa amekonda, lakini viganja vilikuwa vile vile, kimoja kina kovu linalong'aa.

Tulikaa. Baada ya muda, kwa mara ya kwanza tangu alipoondoka, aliuliza habari za kazi. Alitaka kujua nilifanyaje peke yangu. Basi nikamweleza. Nilimweleza bati, nikamweleza kopo na tundu la msumari, na nikajisahau kabisa. Nilinyanyuka nikamwonyesha kwa mikono kopo linaning'inia wapi na maji yanadondokea wapi. Alinifuata kila hatua, akauliza tundu lilikuwa na ukubwa gani, akaafiki kwa kichwa. Nilipomaliza alitazama kovu la kiganja chake.

"Kwa hiyo," akasema, "mkono wangu haukuwa wa lazima."

Nilijua kwamba nikimdanganya atajua. Mtu mliyekaa naye gizani miaka mingi huwezi kumdanganya mchana.

"Haukuwa wa lazima," nikamwambia. "Lakini sikulijua hilo mpaka ulipoondoka. Na kulijua hakujanisaidia kitu, Zakaria. Nilikuwa napanda, nafanya kazi nzuri, nashuka. Hakuna hata siku moja niliyofurahi."

Alitazama upande wa ziwa, ambalo hakuwahi kulipenda. Nilidhani nimeharibu, nikaanza kutafuta maneno ya kuaga. Ndipo aliposema kwamba Jumamosi mke wake hushinda sokoni, na nyumba inakuwa kimya tangu asubuhi, na kwamba yeye kimya cha namna hiyo hajakizoea. Alisema hivyo akiwa bado anatazama ziwa. Akauliza kama nina shughuli Ipyana.

Sina shughuli Ipyana.

Kwa hiyo ninyi mnaopanda sasa, chukueni kopo, chukueni bati, mfanye yote niliyoandika juu, kwa sababu ni sahihi. Lakini ofisi ikiwaambia kwamba kwa vifaa hivyo mtu mmoja anatosha, waambieni mnapanda wawili. Msieleze sababu, semeni ni usalama, nalo si uongo.

Mimi huenda Matema kila Jumamosi. Kuna siku tunazungumza mpaka chai inapoa. Kuna siku tunakaa tu, yeye anapanga dawa zake, mimi namtazamia miguu yake kama kuna kidonda kipya, kwa kuwa yeye hawezi kukisikia. Mchana joto likipanda husinzia hapo hapo kitini, kidevu kifuani. Watu wanaopita hunishauri niwahi gari kabla halijajaa. Siondoki. Nakaa mpaka Mama Atupele arudi na vyungu vilivyobaki, kwa sababu kwangu Ipyana hakuna hata wa kusinzia.